Mahakama ya Madai Madogo, Milimani: inarudisha dipoziti, hairudishi nyumba

Mpangaji wa Nairobi aliyenyimwa dipoziti kwa kawaida huelekezwa kwa chifu, kwa polisi, au kwenye jopo la kodi za nyumba. Chifu ataita pande zote mbili, aongee nao, na mwenye nyumba mwenye haya atalipa. Polisi watasema hiyo ni kesi ya madai wala si jinai, na kwa suala la dipoziti mara nyingi wako sahihi. Jopo nalo lina tatizo la hesabu tutakaloliona sasa hivi. Mahali ambapo wachache huenda, na ambapo wengi wangepaswa kwenda, ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani Aprili 2021.

Tuliondoe jopo njiani kwanza. Jopo la Kudhibiti Kodi linatawaliwa na Sura ya 296 ya sheria za Kenya, na linahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kodi ya msingi si lazima iwe ile unayolipa leo: kama nyumba ilikuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981, ni kodi ya siku hiyo, na kama haikuwa imepangishwa, jopo ndilo hukadiria. Kwa hiyo bedsita ya Roysambu au chumba kimoja na sebule Umoja viko nje kabisa. Wanaobaki ndani ni wale wa vyumba vya mabati Mukuru, Mathare, Kawangware na kwingineko kama huko. Kwao sheria hii ni ngao nzito: mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri ya jopo, hawezi kukamata vitu vyako kwa deni la kodi bila ruhusa ya jopo, na kukusumbua ili uhame au ulipe zaidi ni kosa la jinai. Kama unalipa 2,000, achana na makala haya uende jopo.

Mswada wa 2021 ulitaka kuunganisha sheria hii na nyingine mbili za wapangaji. Haukufika kuwa sheria. Ile 2,500 iko palepale.

Mwenye duka, hoteli au kibanda cha chakula ana jopo lake tofauti, chini ya Sura ya 301, na haki zake kule ni bora kuliko za mtu aliyepanga ghorofani juu ya duka hilo hilo. Akiwa hana mkataba wa maandishi, au ana wa miaka 5 au pungufu, hawezi kufurushwa bila notisi rasmi ya miezi miwili. Mpangaji wa makazi asipoteze nauli kwenda huko. Atarudishwa mlangoni.

Sasa mahakama yenyewe. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Lugha zake kisheria ni Kiingereza, Kiswahili na lugha ya ishara ya Kenya, na unaweza kuandika na kujieleza kwa Kiswahili bila kuomba radhi kwa mtu. Wakili si lazima. Kanuni kali za ushahidi hazitumiki, maana yake picha ya simu na mazungumzo ya WhatsApp vinapokelewa bila vita vya kiufundi ambavyo mahakama nyingine zingevianzisha. Na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60 tangu ilipofunguliwa, huku hukumu ikitolewa ndani ya siku 3 baada ya kusikilizwa. Siku 60 si mapambo. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hukumu iliyotoka baada ya muda huo, wengine wakisema ni batili na wengine wakisema inasimama. Mpangaji anayeomba kesi iahirishwe kwa sababu hakujiandaa anachezea muda ambao ni wake mwenyewe.

Kuna kasoro ambayo ni lazima isemwe mapema. Mahakama hii haina mamlaka juu ya mgogoro wa umiliki wala ukaaji wa ardhi. Ukiwa umefungiwa kufuli leo jioni na watoto wako nje, si hapa pa kuja. Hapo unahitaji ombi la dharura kwenye mahakama ya hakimu, ukiomba amri ya muda ya kufunguliwa mlango. Hata kwenye dai la dipoziti, maneno yanaweza kukuua. Ukiandika kwamba unataka mahakama itamke ulifukuzwa kinyume cha sheria na urudishwe chumbani, umempa mwenye nyumba hoja ya kuitupa kesi nzima. Andika kwamba anashikilia fedha zako. Sheria inataja waziwazi mikataba inayohusu fedha zilizopokelewa na kushikiliwa, na dipoziti isiyorudishwa inaingia hapo vizuri. Shikamana na fedha.

Notisi ndiyo inayoua madai mengi kabla hayajafunguliwa. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema upangaji wa mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, na notisi hiyo ni lazima iishie siku ya kulipa kodi. Tuseme kodi hulipwa tarehe 5. Ukitoa notisi tarehe 10 Juni, mwezi unatimia tarehe 10 Julai, lakini hiyo si siku ya kodi, kwa hiyo notisi inaishia tarehe 5 Agosti. Mpangaji huhama katikati ya Julai akidhani amemaliza, mwenye nyumba anakata mwezi mzima kwenye dipoziti, na kisheria ana hoja. Anayetaka kutoka tarehe 5 Julai atoe notisi kabla ya tarehe 5 Juni, kwa maandishi, na apate jibu au sahihi. Kama mkataba umeweka masharti yake ya notisi, fuata mkataba.

Wasio na mkataba wa maandishi wasikate tamaa. Upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kufanywa kwa mdomo na bado ukawa halali. Ushahidi wa mkataba wa mdomo ni malipo, na hapa M-Pesa imewafanyia wapangaji wa Kenya kazi kubwa kuliko wanasheria wengi. Omba taarifa kamili ya malipo kwa kupiga *334# au kupitia programu ya simu, tangu mwezi wa kwanza wa dipoziti. Usitegemee meseji mojamoja, maana simu huibiwa na meseji hufutika. Kila mwezi unaoonekana ukituma kiasi kilekile kwa namba ileile unathibitisha kodi, na ule muamala wa kwanza, ulio mkubwa kuliko mingine, unathibitisha dipoziti. Aliyelipa kwa pesa taslimu bila risiti ana kazi ngumu. Atafute meseji yoyote ambayo mwenye nyumba au msimamizi wa ploti ameitaja dipoziti, hata ile ya "ngoja kwanza nitafute pesa." Hiyo ni dhahabu, kwa sababu anayesema ngoja amekubali kuwa anadaiwa.

Unamshtaki nani? Swali hili linaangusha watu wengi kuliko ukosefu wa ushahidi. Uliyekuwa ukimwona ni msimamizi, aliyepokea simu ni ajenti, na mwenye nyumba anaishi mbali. Ajenti anayefanya kazi kwa niaba ya mwenye nyumba anayejulikana kwa kawaida hawajibiki mwenyewe, kwa hiyo ukimshtaki peke yake unaweza kushindwa ingawa fedha zilipitia kwake. Msimamizi wa ploti usimguse kabisa, huyo ni shahidi. Washtaki mwenye nyumba na ajenti pamoja kama hujui dipoziti ilibaki kwa nani, na waache wenyewe waoneshane vidole mbele ya mwamuzi anayesikiliza kesi. Ajenti akiwa ni kampuni, chukua CR12, yaani hati rasmi ya usajili inayoonesha jina na wakurugenzi wa kampuni, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ili jina ulilopeleka mahakamani lifanane herufi kwa herufi na lile lililosajiliwa. Jina la bango la barabarani mara nyingi si jina la kampuni.

Kabla ya kufungua, peleka barua ya madai ya ukurasa mmoja tu: kiasi, tarehe ya kuhama, na siku 14 za kulipa. Itume kwa WhatsApp na barua pepe pia. Barua hii hulipa gharama yake mara nyingi, kwa sababu mwenye nyumba aliyezoea kukatalia watu kwa simu huona namna nyingine ya mambo. Asipojibu, una kielelezo cha kwanza.

Kufungua kesi ni kwa mtandao. Unajisajili kwenye mfumo wa mahakama kwa namba ya kitambulisho, unachagua Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani, unapakia hati za PDF, mfumo unakupigia hesabu ya ada, unalipa, kisha unapewa namba ya kesi. Mfumo huu ndio sehemu ya huduma inayoudhi zaidi. Faili ikiwa kubwa inakataa, na picha 40 za ukuta zilizopakiwa mojamoja zitamfanya mwamuzi asizione hata moja. Unganisha vielelezo vyote kwenye PDF moja, viweke namba, na kwenye kila picha andika tarehe na chumba. Kwa picha na mazungumzo ya simu, ongeza cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotajwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alichukua, kwa simu gani, na kwamba hakijabadilishwa. Mahakama hii haibani sana, lakini cheti hicho huziba mdomo wa wakili wa upande wa pili. Asiyeweza kompyuta, dawati la mahakama litamsaidia, ila aende mapema.

Maelezo ya dai yasizidi kurasa mbili. Mfano wa aya inayofanya kazi:

"Nilipanga chumba namba 4 kuanzia Februari 2022 kwa kodi ya sh. 12,000. Tarehe 3 Februari 2022 nilimlipa mdaiwa dipoziti ya sh. 12,000 na dipoziti ya maji sh. 1,500 (kielelezo 1). Nilitoa notisi tarehe 2 Januari 2025 na kurudisha funguo tarehe 5 Februari 2025 (kielelezo 2 na 3). Nilikuwa na deni la maji sh. 800, ambalo nakubali likatwe. Nadai sh. 12,700, riba na gharama."

Angalia ile sentensi ya deni la maji. Mpangaji anayekubali anachodaiwa huaminiwa kwenye yale anayoyakataa, na inapunguza mabishano siku ya kusikilizwa.

Baada ya kufungua, unapeleka hati kwa mdaiwa na kuthibitisha kwa hati ya kiapo kwamba amepata. Usilegeze hapa. Mwenye nyumba asipojitokeza unaweza kupata hukumu bila yeye, lakini hukumu hiyo ni dhaifu kama karatasi ya kufungia mandazi ikiwa upelekaji ni wa kubahatisha. Miezi miwili baadaye dalali wa mahakama akigonga mlango kukamata mali, mdaiwa atakuja mahakamani akiapa kwamba hakuwahi kuona kesi, na kesi itarudi mwanzo. Mpelekee kwa mkono kupitia mtu anayejulikana, na juu yake umtumie WhatsApp na barua pepe. Hifadhi picha ya alama mbili za bluu.

Siku ya kusikilizwa mabishano huwa ni makato. Tuyachukue yale yanayojitokeza kila mara. Rangi: Sheria ya Ardhi inamtaka mpangaji arudishe nyumba ilivyokuwa, lakini haimlipishi uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia baada ya miaka 3 ni uchakavu. Michoro ya kalamu ya mtoto ukutani na mashimo 12 ya misumari ya televisheni si uchakavu. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ya Nairobi ina kifungu cha kupaka rangi wakati wa kutoka. Ukikipata, nunua rangi mwenyewe, mtafute fundi, weka risiti na upige picha siku hiyo hiyo, kwa sababu makadirio ya mwenye nyumba huja na bei ya kupaka ghorofa zima. Sinki iliyopasuka ni mzigo wako, isipokuwa picha za siku ya kuingia zinaonesha ilikuwa na ufa. Paa linalovuja, bomba kuu na mfereji wa nje si mzigo wako hata kidogo: kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, paa, kuta kuu na mifereji mikuu ni kazi ya mwenye nyumba. "Kusafisha" bila risiti ni hewa. Mwambie mwamuzi: naomba aoneshe risiti ya alichotumia. Mwenye nyumba asiyekuwa na risiti huanza kusafisha koo.

Mdaiwa anaweza pia kuleta dai lake la kukabiliana nawe, kwa mfano kodi ya mwezi mmoja usiyolipa. Wanaokula dipoziti, yaani wanaoacha kulipa mwezi wa mwisho wakisema dipoziti itafidia, huumia hapa. Bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, mwezi huo ni deni, na dipoziti inashikiliwa kwa ajili ya jambo jingine. Kifungu cha "dipoziti hairudishwi ukitoka kabla ya miezi 6" nacho kipo kwenye mikataba mingi, na ukikitia sahihi umejifunga. Kukipinga kunawezekana lakini si rahisi, na si kesi ya kuanzia nayo kama una nyingine bora.

Rufaa ipo Mahakama Kuu, kwa masuala ya kisheria pekee. Mwenye nyumba hawezi kukata rufaa kusema tu kwamba sinki lilikuwa zima. Hili ni zuri kwako ukishinda, na baya ukishindwa kwa sababu ulisahau kielelezo nyumbani.

Halafu inakuja sehemu ambayo mahakama hii inapata alama za chini kabisa: kukusanya fedha. Hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe. Njia ya kawaida ni hati ya kukamata mali kupitia dalali mwenye leseni, anayeorodhesha vitu na kumpa mdaiwa siku 7 za kulipa kabla ya kuvichukua. Dalali anataka pesa ya kuanzia, na gharama zake kwa deni la 12,700 zinaweza kukufanya ujiulize kama ilistahili. Njia bora zaidi kwa madai madogo ni kuomba amri ya kuzuia fedha kwenye akaunti yake ya benki. Na benki yake unaijua! Ni ile paybill uliyokuwa ukilipia kodi kila mwezi: namba ya biashara inaonesha benki, na namba ya akaunti uliyoiandika inaweza kuwa akaunti yake. Ndiyo sababu taarifa ya M-Pesa ni ushahidi wa mwanzo na ramani ya mwisho. Mwenye nyumba anayeona akaunti ya kukusanyia kodi za vyumba 30 inakaribia kufungwa hulipa 12,700 kwa haraka isiyo ya kawaida.

Ikumbukwe kwamba yote haya yangekuwa hayahitajiki kama dipoziti zingewekwa mahali salama tangu mwanzo. Wenzetu waliopanga London wanajua hali nyingine. Kule, tangu Aprili 2007, dipoziti ya nyumba nyingi za kupanga lazima iwekwe kwenye mpango wa kuilinda, na sasa hilo lifanyike ndani ya siku 30. Tangu 2019 haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba nyingi, na mwenye nyumba anayekiuka ulinzi huo anaweza kulipishwa hadi mara 3 ya dipoziti. Kenya hakuna kitu cha namna hiyo. Dipoziti yako inaingia kwenye mfuko wa mwenye nyumba, na huko hutumika kulipa mkopo wake au karo za watoto wake, kwa hiyo siku ya kuhama inabidi aisake upya. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini wanachelewesha, hata wale wasio wabaya.

Kwa nani basi huduma hii inafaa? Kama dipoziti ni 30,000 au zaidi, una taarifa ya M-Pesa, picha za siku ya kuingia na kutoka, na jina sahihi la mwenye nyumba: fungua kesi bila kusita. Kama ni 5,000 na ulilipa taslimu, barua ya madai na kikao kwa chifu vitakuokolea nauli. Na kama bado uko ndani na unasumbuliwa, watafute Kituo cha Sheria, wanaosaidia watu wasio na uwezo kwenye masuala ya ardhi na makazi tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, kabla kufuli halijawekwa.

Dai la mkataba lina muda wa miaka 6. Waliohama 2021 na kukata tamaa bado wanaweza kuangalia tarehe zao. Taarifa za M-Pesa za miaka ya nyuma si lazima zitoke mara moja, kwa hiyo ziombe wiki hii, kabla ya kuandika hata aya ya kwanza ya dai.